Seli inaporudufisha herufi zake, irabu hunakiliwa na nani?

"Asalaam aleikum, Profesa. Nisaidie neno."

Hivyo ndivyo ulivyoanza ujumbe nilioupokea kutoka kwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya upili, Kaunti ya Garissa. Alikuwa akifundisha jinsi seli inavyojigawa. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wakikwama yeye hugeukia Kiswahili, nao wao kwa wao huliendeleza kwa Kisomali. Siku hiyo akanyosha mkono kijana mmoja ambaye familia yao ilikuwa imepoteza ngamia wawili kwa ugonjwa ambao wafugaji wa huko huuita dhukaan. Akauliza: "Mwalimu, umesema seli ikijigawa inanakili kila kitu. Tena umesema kile kidudu cha dhukaan kina nguo nyingi, ila huvaa moja tu kwa wakati mmoja. Sasa kikizaa, mtoto anajuaje avae nguo gani?"

Mwalimu anakiri kwamba alinyamaza. Si kwamba hakuisoma biolojia chuoni. Tatizo ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa na kitenzi kimoja tu, kunakili, nacho kilikuwa kimebebeshwa mizigo mitatu kwa mpigo. Akaniuliza: je, lugha yetu inaweza kuitenganisha mizigo hiyo?

Waaleikum salaam, mwalimu. Inaweza. Mimi ni mtu wa isimu, si wa maabara, kwa hivyo ilinibidi niketi na mwenzangu wa biolojia mpaka chai ikapoa, nimwulize maswali ya kitoto. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na maneno yenyewe. Kabla ya seli kujigawa, hutengeneza DNA yake yote mara ya pili ili kila seli mpya ipate fungu kamili. Tendo hili napendekeza tuliite urudufishaji. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili tayari analijua neno hili kutoka somo la mofolojia: pole huwa polepole, sawa huwa sawasawa. Kitu kizima hutokea mara mbili. Tendo la pili ni tofauti. Seli inapohitaji protini fulani, huchukua kipande kimoja tu cha DNA na kukiandika kama RNA. Huu tuuite unukuzi, kwa sababu ukinukuu kitabu hukitoi chote. Unachukua sentensi unayoihitaji. Mpaka hapo hatuna ugomvi. Mzigo wa tatu ndio uliomnyamazisha mwalimu, na ndio ninaotaka tuubebe pamoja leo.

Nani hajawahi kupita karibu na duksi huko Garissa akasikia sauti za watoto? Mtoto huandikiwa aya juu ya ubao wa kuandikia, unaoitwa loox kwa Kisomali, na kabla ya kusoma maneno hufundishwa herufi na irabu zake. Mapokeo ya Wasomali humtaja Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ambaye pia huitwa Aw Barkhadle, kuwa ndiye aliyebuni njia ya kuzitaja irabu za Kiarabu kwa Kisomali, ili mtoto asiyejua Kiarabu aelewe kwamba alama hii ni ya juu, ile ni ya chini, na nyingine ni ya kukunjwa. Sisi kwa Kiswahili tunazijua kama fataha, kasra na dhumma.

Kwa nini alama hizo ni muhimu? Chukua konsonanti tatu: K, T, B. Weka irabu za aina moja upate kitabu. Badilisha, upate katiba. Badilisha tena, upate katibu. Herufi ni zilezile, lakini mmoja anasomwa, mwingine anaongoza nchi, na wa tatu anaandika kumbukumbu za mkutano. Waliowahi kusoma hati za kale za Kiswahili cha Lamu, kaunti inayopakana na Garissa upande wa kusini, wanaijua shida hii: mwandishi asipoweka irabu, msomaji wa karne nyingine hukuna kichwa.

Sasa hebu tuingie ndani ya seli. Seli ya ini na seli ya neva katika mwili wako zina DNA ileile. Herufi ni zilezile. Tofauti iko katika namna zinavyosomwa, na sehemu kubwa ya maelekezo hayo ya usomaji yamewekwa juu ya protini zinazoitwa histoni. Histoni si ugeni wa jana. Mjerumani Albrecht Kossel alizieleza mwaka 1884 baada ya kuchunguza damu ya ndege. Lakini kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa vifungashio tu.

Na kweli ni vifungashio. DNA iliyo ndani ya seli moja ya binadamu, ukiinyoosha, ni takriban mita 2. Kiini kinachoihifadhi kina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Ili ienee humo, DNA huzungushwa juu ya vifundo vya histoni kama uzi kwenye kibiringo. Kila kifundo kina histoni 8, yaani mbili mbili za aina nne, na kimezungushiwa takriban jozi 147 za herufi za DNA. Kifundo hicho ndicho nyukliosomu. Mnyororo mzima, DNA pamoja na histoni zake, ndio kromatini.

Lakini kila histoni ina mkia unaochomoza nje ya kifundo, na juu ya mkia huo seli hubandika alama ndogo za kikemikali: asetili, methili, fosfeti na nyinginezo. Mwaka 1964, Vincent Allfrey na wenzake huko New York walidokeza kwamba alama hizi zinahusika na usomaji wa jeni. Mwaka 1996, kundi la David Allis likaonyesha kwamba kimojawapo cha vimeng'enya vinavyobandika asetili ni jamaa wa protini iliyokwisha kujulikana kwa kuwasha jeni katika hamira. Tangu hapo picha imekuwa wazi zaidi. Asetili kwa kawaida hulegeza kromatini ili isomeke. Methili inategemea imewekwa wapi. Methili tatu kwenye kiungo cha 4 cha histoni H3 hupatikana mwanzoni mwa jeni zinazosomwa. Methili tatu kwenye kiungo cha 9 au cha 27 cha histoni hiyohiyo huambatana na maeneo yaliyofungwa. Hizo, msomaji, ndizo fataha na kasra za seli.

Hapa ndipo swali la yule kijana linapouma. Herufi za DNA zina njia rahisi ya kurudufishwa: nyuzi mbili huachana, na kila uzi huwa kielelezo cha mwenzake, A ikidai T, na G ikidai C. Lakini irabu hazimo ndani ya herufi. Isitoshe, mashine inayoachanisha nyuzi hizo haiwezi kupita bila kuvunja vifundo vilivyo mbele yake. Yaani seli, kila inapojirudufisha, lazima ibomoe maktaba yake ya irabu.

Basi inafanyaje? Kwanza, haitupi histoni za zamani. Mashine inayofungua nyuzi ina mikono ya kuzipokea. Mwaka 2018, katika jarida la Science, makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa kutoka Copenhagen na jingine kutoka New York, yalionyesha jinsi histoni za zamani zinavyogawiwa nyuzi zote mbili. Sehemu ya mashine iitwayo MCM2 husaidia kuzipeleka upande mmoja, na sehemu za kimeng'enya kinachojenga DNA husaidia kuzipeleka upande wa pili. Tena huwekwa karibu na mahali zilipokuwa, hazitapanywi ovyo. Ni kama ndugu wawili wanaogawana kundi la ngamia: kila mmoja anaondoka na nusu, na kila nusu ina alama ya ukoo.

Pili, nusu iliyobaki hujazwa na histoni mpya. Protini iitwayo CAF-1, iliyogunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, huzishusha hizo mpya nyuma tu ya mashine. Histoni hizi mpya zinakuja bila irabu nyingi za wazee wao. Kwa hiyo mara tu DNA inapopita, kila uzi una histoni za zamani zenye alama kamili, zikichanganyika na mpya zisizo nazo. Kitaalamu tungesema alama zimezimuliwa kwa nusu, kama chai iliyoongezwa maji.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu, vipo vimeng'enya vinavyojua kusoma na kuandika kwa pamoja. Kinachoandika methili tatu kwenye kiungo cha 27 kina sehemu inayoitambua alama hiyohiyo. Kikikuta histoni ya zamani yenye alama, huamka na kuiandika kwenye jirani yake mpya. Mkubwa anamfundisha mdogo aliyeketi kando yake, sawasawa na duksini.

Sasa mtaona kwa nini mzigo huu wa tatu nimeuachia neno kunakili. Nakili na nukuu yana shina moja la Kiarabu, n-q-l, nalo shina hilo lina maana mbili: kutoa nakala, na kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Kiswahili kilichukua zaidi ile maana ya kwanza. Lakini histoni zinafanya yote mawili. Za zamani huhamishwa, kisha alama zake hutolewa nakala. Ni vigumu kupata neno linalokaa vizuri zaidi, nasi tulikuwa nalo muda wote.

Ila kuna jambo ambalo mwanafunzi lazima alijue, la sivyo mfano wangu utampotosha. Urudufishaji wa herufi hukamilika papo hapo. Unakili wa irabu haukamiliki. Watafiti walipopima katika seli za binadamu, waligundua kwamba alama zinazofunga maeneo, zile za kiungo cha 9 na cha 27, hurejeshwa polepole sana, na kazi huendelea hata baada ya seli kuwa mbili. Kuna pengo, basi, kati ya kupata maandishi na kupata usomaji wake. Na si kila alama hunakiliwa kutoka kwa jirani. Nyingi za zile zinazoambatana na jeni zilizo wazi hubandikwa upya kwa sababu jeni yenyewe imeanza kusomwa tena. Wataalamu wanazidi kubishana ni alama zipi zinazobeba kumbukumbu na zipi ni dalili tu za kazi inayoendelea.

Je, irabu nazo zina neno lolote katika urudufishaji wenyewe? Ndiyo. Maeneo yaliyolegezwa kwa asetili kwa kawaida hurudufishwa mapema, na yaliyofungwa huchelewa. Lakini mfano mkali zaidi unapatikana kwa yule yule kidudu wa dhukaan, kwa hivyo turudi Garissa.

Ugonjwa huu vitabuni huitwa surra, neno lililotoka India, ambako mwaka 1880 daktari wa mifugo Griffith Evans alimwona mdudu wake katika damu ya farasi na ngamia. Halina undugu wowote na neno letu sura, ijapokuwa, kama mtakavyoona, sadfa hiyo inachekesha. Mdudu mwenyewe ni tripanosoma, seli moja yenye mkia inayoogelea katika damu. Jamaa zake wengi hutegemea mbung'o, lakini huyu hubebwa na nzi wa kawaida wanaouma, ndiyo sababu anaweza kufika hata pasipo mbung'o. Wafugaji hawahitaji profesa awaambie kwamba mvua ikinyesha na nzi wakiongezeka, ngamia wako hatarini. Na ngamia katika kaunti zile ndiye maziwa ya watoto, karo ya shule na akiba ya wakati wa kiangazi.

Dawa zipo, ila chanjo hakuna. Sababu ni nguo. Tripanosoma amejifunika koti zito la protini ya aina moja. Kinga ya mwili wa ngamia hulitambua koti hilo na kuanza kumuua, lakini wachache huwa wamekwisha kuvaa jingine, na kinga hulazimika kuanza upya. Katika binamu yake aliyechunguzwa sana maabarani, Tripanosoma brusei, kuna jeni na vipande vya jeni za koti zaidi ya elfu mbili. Inayosomwa kwa wakati mmoja ni moja tu. Jijini Nairobi maabara ya kimataifa ya ILRAD, iliyoanzishwa mwaka 1973 na ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya ILRI, iliundwa kwa sehemu kubwa ili kupambana na magonjwa kama haya, na sarakasi hii ya makoti ndiyo iliyoizuia chanjo.

Yule binamu ana vimeng'enya viwili, DOT1A na DOT1B, vinavyobandika methili kwenye kiungo cha 76 cha histoni H3. Cha kwanza huweka mbili, cha pili huweka tatu. Tazama tofauti ya alama moja tu inavyofanya. Watafiti walipompunguzia DOT1A, seli ziliendelea kujigawa bila kurudufisha DNA, zikabaki na nusu ya fungu lake. Walipomzidishia, seli zikarudufisha DNA mfululizo bila kujua pa kuishia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2012. Hapo alama ya histoni haingoji kunakiliwa tu. Yenyewe inasaidia kuamua ni lini kurudufisha kuanze na ni lini kukome.

DOT1B nacho kinahusika na koti. Kilipoondolewa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2008, jeni za makoti zilizopaswa kunyamaza zilianza kunong'ona, na mdudu aliyekuwa akibadilisha koti alikaa muda mrefu akiwa na makoti mawili kwa pamoja. Na mwaka 2019 watafiti wa Dundee, Scotland, wakapata kiungo kilichokuwa kikitafutwa: protini zinazohakikisha koti ni moja tu huihitaji CAF-1, yule yule mshushaji wa histoni mpya, ili zijipange upya baada ya DNA kurudufishwa. Bila CAF-1, mtoto husahau agizo la mzazi, na jeni zilizofungwa huanza kufunguka.

Mwalimu, hilo ndilo jibu la kijana wako. Mwambie hivi: kidudu hurudufisha herufi zake zote, zikiwemo za makoti yote. Hunukuu jeni ya koti moja tu. Na ili mtoto avae koti la mzazi, irabu na walinzi wake lazima wanakiliwe upya nyuma ya mashine ya urudufishaji, kila kizazi, bila kukosa. Vitenzi vitatu, kazi tatu. Majaribio haya yamefanyiwa binamu, si mdudu wa ngamia mwenyewe, lakini hao wawili ni ndugu wa karibu mno, na wote wawili huvaa makoti kwa namna moja.

Mwambie pia kwamba swali lake bado liko mezani kwa wakubwa. Kila mahali ambapo kumbukumbu hiyo hunakiliwa ni mahali ambapo dawa inaweza kuingilia kati: mdudu asiyekumbuka koti lake ni mdudu anayejianika mbele ya kinga. Dawa ya namna hiyo haijafika kwa mfugaji.

Nami najiambia jambo moja kama mwalimu wa lugha. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Lakini katika suala hili hatukukosa neno hata moja: rudufisha tunayo katika mofolojia, nukuu tunayo katika uandishi, nakili tunayo tangu zamani, na irabu tunazo tangu duksi na madrasa. Tulichokosa ni kuyapanga kila moja mahali pake. Mtoto aliyepoteza ngamia wawili alikuwa na swali sahihi kabisa. Sisi ndio tuliompa kitenzi kimoja alipohitaji vitatu.